Kikohozi chenye makohozi kwa mtu mzima: anza kwa kuhesabu siku

Baridi inaposhika Milima ya Taita, kati ya Juni na Agosti, mabenchi ya zahanati hujaa watu wanaokohoa. Kule juu Wundanyi na Mgange ni ukungu, madirisha yamefungwa na jiko la kuni linawaka tangu alfajiri. Huku chini Voi na Mwatate ni upepo na vumbi jekundu. Mgonjwa akifika mbele ya mhudumu, swali la kwanza huwa jepesi, lakini ndilo linalowashinda wengi.

"Mzee, umekohoa kwa muda gani?"

"Si siku nyingi, daktari. Kilianza wakati wa palizi."

Palizi ilikwisha miezi miwili iliyopita. Mzee huyu wa mfano hadanganyi. Kikohozi kina tabia ya kuzoeleka. Huingia kama mgeni wa siku mbili, kikakaa, familia ikazoea sauti yake usiku, mwisho hakuna anayekumbuka kilianza lini. Kwa hiyo jambo la kwanza katika somo hili halihusu dawa hata kidogo. Siku unapoanza kukohoa, weka alama kwenye kalenda ya ukutani au andika tarehe kwenye simu. Alama hiyo itaamua mengi baadaye.

Somo hili ni la watu wazima. Mtoto mdogo anayekohoa na kupumua haraka, au ambaye kifua chake kinabonyea anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwake kanuni za hapa chini hazitumiki.

Makohozi yanatoka wapi

Njia za hewa ndani ya mapafu zimefunikwa na ute unaonasa vumbi, moshi na vijidudu. Kwenye kuta za njia hizo kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo hupiga kama makasia, vikisukuma ute polepole kuelekea kooni, nasi tunaumeza bila kujua. Kazi hiyo inaendelea usiku na mchana hata kwa mtu mwenye afya njema.

Virusi vya mafua vikiingia, au moshi ukizidi, njia za hewa hutoa ute mwingi na mzito kuliko vinyweleo vinavyoweza kubeba. Hapo mwili hutumia nguvu, nayo ndiyo kikohozi. Kohozi linalotoka ni takataka inayotupwa nje ya nyumba. Ukifikiria hivyo utaelewa kwa nini kikohozi chenye makohozi hakitibiwi kama kikohozi kikavu. Dawa za kukizima kikohozi, hasa zile zenye kodeini, zinaweza kuyaacha makohozi ndani ya kifua, mahali ambapo hatuyataki. Isitoshe, kodeini huleta usingizi na inaweza kumfanya mtu kuwa mraibu.

Neno kuhusu rangi. Wengi wetu tumeamini kwamba kohozi la manjano au la kijani ni ushahidi kuwa unahitaji antibayotiki. Si hivyo. Rangi ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili. Chembe hizo hufika kupigana na virusi kama zinavyopigana na bakteria. Mtu mwenye mafua ya kawaida anaweza kutoa makohozi ya kijani kwa siku kadhaa na akapona bila kidonge chochote cha antibayotiki.

Rangi za kukushtua ni nyingine. Damu, hata iwe uzi mwembamba tu. Rangi ya kutu, ikiandamana na homa na maumivu ya kifua, ambayo inaweza kuwa nimonia. Povu la rangi ya waridi kwa mtu anayehema, dalili ya maji kujaa mapafuni, mara nyingi kwa sababu moyo umeshindwa kazi. Na makohozi mengi yenye harufu mbaya kila siku. Yoyote kati ya haya ni safari ya kituo cha afya, si ya dukani.

Kikohozi cha kawaida huchukua muda gani?

Hapa ndipo pesa nyingi za wananchi zinapopotelea. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi mbili walizozilinganisha. Kwanza waliwauliza watu wazima wa jimbo la Georgia wanatarajia kikohozi cha mafua kidumu kwa siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa kati ya siku 7 na 9 hivi. Kisha wakakusanya tafiti zilizofuatilia wagonjwa halisi, wakakuta wastani ni karibu siku 18.

Sisi hatuna tofauti na watu wa Georgia. Siku ya nane tunaanza kuhangaika, tunasema dawa ya kwanza haikufanya kazi, tunanunua ya pili. Siku ya kumi na sita kikohozi kinapungua chenyewe, na dawa ya tatu inapata sifa ambazo si zake. Mara nyingine utakapokohoa, duka la dawa litasikia ukiitaja kwa jina.

Antibayotiki huua bakteria. Haziui virusi, na virusi ndivyo husababisha sehemu kubwa ya vikohozi vya mafua na mkamba wa ghafla. Kumeza antibayotiki bila sababu kunaweza kukuletea kuhara, upele au mzio, na kunawafundisha bakteria walio mwilini mwako kustahimili dawa. Siku utakapopata nimonia kweli, dawa ileile huenda isikufae.

Kujitibu nyumbani katika siku za mwanzo

Ikiwa huna dalili za hatari zilizotajwa hapa, na kikohozi bado ni kichanga, haya yanasaidia.

Kunywa vitu vya majimaji vya kutosha: maji, uji mwepesi, supu, chai ya tangawizi. Tangawizi haiui kijidudu, lakini kinywaji cha moto hulainisha koo na kumfariji mgonjwa, na faraja si kitu cha kudharau saa nane za usiku. Mtu aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa sababu ya moyo au figo afuate maagizo hayo, asifuate haya.

Asali ina ushahidi kuliko dawa nyingi za chupa. Kijiko kimoja kabla ya kulala, peke yake au ndani ya maji ya uvuguvugu, hupunguza kukohoa usiku. Asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kumsababishia ugonjwa hatari wa sumu ya bakteria. Mwenye kisukari ahesabu asali kama sukari, maana ni sukari.

Mvuke wa kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji ya moto una wapenzi wengi huku kwetu. Faida yake ni ndogo, na ajali yake ni kubwa: sufuria ikipinduka mapajani, kikohozi cha wiki mbili kinageuka kidonda cha miezi. Anayependa mvuke avute ule wa kikombe cha chai au wa bafuni, wakati anaoga maji moto.

Kwa homa na maumivu ya mwili, paracetamol inatosha. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aulize kwanza. Soma pia pakiti za dawa za mchanganyiko za mafua. Nyingi zina paracetamol ndani yake, na ukiongeza vidonge vingine juu utakuwa umejipa dozi mara mbili.

Usiku, inua kichwa kwa mto wa pili. Asubuhi, kabla ya shughuli, toa makohozi kwa njia isiyochosha. Keti wima, vuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kisha upumue nje kwa nguvu huku mdomo uko wazi, kama mtu anayepuliza kioo ili kukitia ukungu kabla ya kukifuta. Fanya hivyo mara mbili, pumzika, rudia. Makohozi husogea juu, na kikohozi kimoja kinatosha kuyatoa. Njia hii huwafaa sana watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na ugonjwa wa zamani, na ambao hutoa makohozi kila asubuhi mwaka mzima.

Temea kwenye karatasi au kopo lenye kifuniko, si kando ya njia. Koholea kwenye kiwiko au kitambaa. Fungua madirisha hata kama ni baridi. Tunajua kuliambia hilo bomba la Wundanyi mwezi wa Julai ni rahisi kuliko kulitenda, lakini hata nusu saa ya hewa asubuhi inasaidia.

Na zile dawa za chupa za kulainisha makohozi? Baadhi ya watu huona nafuu kidogo, ushahidi wake ni hafifu, na hazifupishi ugonjwa. Ukinunua, nunua moja. Usinunue yenye kulainisha makohozi pamoja na kuzima kikohozi. Hiyo ni kama kumwambia mtu atoke nje huku umemfungia mlango.

Siku ya kumi na nne

Sasa rudi kwenye kalenda. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu, yaani TB. Usisubiri wiki mbili ikiwa unatoa jasho jingi usiku, umepungua uzito, una homa za jioni, umetema damu, au unaishi na mtu anayetibiwa TB. Anayeishi na VVU apimwe kwa kikohozi cha muda wowote, hata cha siku tatu.

Msomaji makini atauliza: mmetuambia kikohozi cha kawaida huchukua karibu siku 18, mbona tupimwe siku ya 14? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba vikohozi hivi viwili havitofautiani kwa sauti, na mara nyingi hata kwa makohozi. Ni kweli kwamba wengi watakaopimwa siku hiyo hawatakuwa na TB. Watakuwa wametoa kijiko kimoja cha makohozi na kupoteza asubuhi moja. Yule mmoja aliye nayo, akisubiri hadi mwezi wa tatu, mapafu yake yatakuwa yamepata makovu yasiyofutika, na waliolala naye chumba kimoja watakuwa wamevuta hewa yake kila usiku. Ukiweka gharama hizo mbili kwenye mizani, siku ya 14 haionekani mapema.

Tena tuna sababu ya kuwa na wasiwasi katika nchi yetu. Utafiti wa kitaifa uliofanywa 2015 na 2016, wa kwanza wa aina yake tangu uhuru, ulikuta wagonjwa 558 wa TB kwa kila watu 100,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Ilibainika kwamba karibu wagonjwa wanne katika kila kumi hawakuwa wakifikiwa na huduma. Wengi waliokutwa na ugonjwa hawakuwa na VVU, jambo linalofaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu kuna watu wanaoogopa kupimwa TB wakidhani majirani watawaza mengine. Na wengi waliokuwa na dalili hawakuwa wametafuta matibabu kokote. Walikuwa wanakohoa tu, na maisha yanaendelea.

Dawa za dukani zinachangia ucheleweshaji huo kwa njia isiyoonekana. Kuna antibayotiki, kwa mfano levofloxacin na wenzake, zinazowadhoofisha bakteria wa TB bila kuwamaliza. Mgonjwa hupata nafuu wiki moja, hula vizuri, anarudi kazini, kisha kikohozi kinarudi na kipimo kinakuwa kigumu zaidi kusomeka. Ukienda kupimwa, taja kila dawa uliyomeza, na ukiweza beba pakiti zake. Hakuna atakayekugombeza. Mhudumu anahitaji habari hiyo.

Kopo dogo, kazi kubwa

Kipimo kinategemea makohozi, na makohozi yanategemea wewe. Maabara haiwezi kukuta TB ndani ya mate. Wengi hupewa kopo, wakaona haya mbele ya foleni, wakatema mate kidogo na kulirudisha. Kipimo kikisema hakuna kitu, si kwamba huna TB. Huenda hukuleta kohozi. Kwa hiyo tulisome jambo hili taratibu.

Kohozi zuri ni la asubuhi, unapoamka, kwa sababu limejikusanya usiku kucha. Sukutua mdomo kwa maji matupu ili kuondoa mabaki ya chakula. Usitumie dawa ya meno wala dawa ya kusukutulia kabla ya kutoa. Toka nje, mahali penye hewa na mbali na watu, ambapo upepo unapeleka vijidudu na hakuna anayekutazama. Usikohoe ndani ya choo kilichofungwa, maana anayeingia baada yako atavuta ulichoacha.

Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, itoe. Fanya mara mbili. Mara ya tatu kohoa kwa nguvu kutoka chini kabisa ya kifua, si kooni. Ukisikia kitu kimepanda, kiteme ndani ya kopo moja kwa moja, bila kugusa ndani ya kopo kwa vidole. Rudia hadi upate kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Kitazame: kiwe kizito, chenye kunata, hata kama kina rangi gani. Kikiwa cheupe chepesi chenye mapovu mengi kama ya sabuni, hayo ni mate. Jaribu tena.

Funika kopo hadi kifuniko kikaze. Jina liandikwe kwenye kopo lenyewe, kwa kuwa vifuniko huchanganyika. Nawa mikono kwa sabuni. Lipeleke siku hiyo hiyo. Njiani lisipigwe jua, na nyumbani lisiwekwe pamoja na chakula.

Kama hakitoki kitu, kunywa maji ya kutosha usiku, na asubuhi tembea kidogo au panda mteremko kabla ya kujaribu. Ikishindikana kabisa mwambie mhudumu. Kuna njia nyingine, ikiwemo picha ya eksrei ya kifua. Kina mama wanaosita kukohoa mbele za watu wana haki ya kuomba kopo la kwenda nalo nyumbani, au sehemu ya faragha nje ya kituo.

Maabara nyingi za umma hutumia mashine ya GeneXpert. Mashine hiyo hutafuta alama za bakteria wa TB ndani ya kohozi na kutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, pamoja na kuonyesha kama bakteria wamekuwa sugu kwa dawa kuu ya rifampisini. Zahanati isiyo na mashine hutuma kopo lako kwenye hospitali iliyo nayo, ndiyo sababu jibu linaweza kuchukua siku kadhaa kufika. Acha namba ya simu inayopatikana. Ukiona kimya, rudi ukaulize.

Kupima na kutibu TB katika vituo vya umma Kenya ni bure. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Mkojo utakuwa na rangi ya machungwa kwa sababu ya rifampisini; usitishike, usiache dawa. Wengi hujisikia wazima mwezi wa pili, na hapo ndipo wengine huacha. Bakteria waliobaki ndio wagumu zaidi kuua, nao wakipata mwanya hurudi wakiwa sugu. Wote wanaoishi nyumba moja na mgonjwa nao wachunguzwe, wadogo wa chini ya miaka mitano kwanza. Asiyeugua anaweza kupewa dawa za kuzuia TB. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wanaweza kuwaelekeza. Hakuna haja ya kila mtu kushuka mlima kuuliza.

Sio TB, lakini hakiishi

Kipimo kikirudi bila TB na bado unatoa makohozi wiki baada ya wiki, usifunge faili. Kutokuwa na TB ni habari njema, lakini bado hatujajua kikohozi kinatoka wapi.

Moshi ndio tunaoutilia shaka kwanza. Mvuta sigara anayekohoa makohozi kila asubuhi kwa miezi mitatu ya mwaka, miaka miwili mfululizo, ana mkamba sugu, hata kama mwenyewe anauita kikohozi cha wavutaji. Mwanamke aliyepika kwa mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka thelathini anaweza kuwa na mapafu yanayofanana na ya mvuta sigara, ingawa hajawahi kugusa sigara. Hakuna chupa itakayotibu hili huku moshi unaendelea. Kutenga jiko na sehemu ya kulala, kuacha uwazi chini ya paa ili moshi utoke, kutumia kuni kavu, na kutowaweka wazee na watoto karibu na moto ni matibabu kamili, hata kama hayauzwi dukani. Kuna dawa za kuvuta za kufungua njia za hewa, ambazo daktari atakupa baada ya kukupima pumzi.

Vumbi la machimbo linahitaji maneno ya ziada, kwa kuwa tuna vijana na wazee wengi walio kwenye mashimo ya vito huko Mwatate na Kasigau. Mwamba unapopasuliwa au kutobolewa hutoa vumbi laini lenye silika. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu, mtu huanza kuchoka akipanda kilima alichokuwa akikipanda akiimba, na kikohozi hufuata. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Zaidi ya hapo, mapafu yenye silika hushikwa na TB kwa urahisi, hata miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi hiyo. Mchimbaji anayekohoa amwambie mhudumu kazi yake hata kama hajaulizwa. Kumwagia maji mahali panapotobolewa hupunguza vumbi kuliko leso iliyofungwa usoni. Leso huzuia chembe kubwa unazoziona, zile ndogo zinazoua hupita.

Pumu inaweza kujificha kama kikohozi, hasa kinachokuja usiku na kuambatana na mluzi kifuani. Kamasi zinazoteremka nyuma ya koo kutoka puani humfanya mtu ahisi ana makohozi ya kifua. Moyo ulioshindwa kazi huleta kikohozi ukilala chali, miguu kuvimba na kuamka usiku ukitafuta hewa. Na mtu aliyewahi kutibiwa TB akapona anaweza kubaki na njia za hewa zilizopanuka na kujaza makohozi kila siku. Huyu apimwe upya, lakini asianzishiwe dawa za TB kwa kukisia. Mvuta sigara wa zaidi ya miaka 40 ambaye kikohozi chake kimebadilika tabia, au anayepungua uzito, afanyiwe picha ya kifua kutafuta saratani.

Usisubiri kalenda

Zipo hali ambazo hesabu ya siku haina maana. Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ikiwa unahema hata ukiwa umeketi, huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, midomo imebadilika rangi kuwa ya samawati, kifua kinachoma unapovuta hewa na una homa kali yenye kutetemeka, umetema damu ya zaidi ya uzi, au mgonjwa mzee ameanza kuchanganyikiwa. Kwa wazee nimonia mara nyingine haileti homa kabisa. Inaonekana kama uchovu wa ghafla, kukataa chakula na maneno yasiyoeleweka. Nimonia ya bakteria inahitaji antibayotiki, tena haraka, na hapa ndipo dawa hizo zinapostahili sifa zake. Utakazoandikiwa zimeze kama ulivyoelekezwa, na usimgawie jirani zilizobaki.

Mjamzito, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, anayeishi na VVU na mzee wa zaidi ya miaka 65 wasijitibu nyumbani kwa muda mrefu. Wakiona homa au pumzi inabana, waende mapema.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Mama wa miaka 35 anakohoa makohozi ya kijani siku ya sita. Hana homa, anakula, anafanya kazi zake. Mumewe ametumwa duka la dawa kununua antibayotiki. Arudi na nini?
Arudi na asali, au asinunue kitu. Mama aweke alama kwenye kalenda.

Mchimbaji wa miaka 46 amekohoa wiki tano. Alipimwa makohozi, jibu likasema hakuna TB. Alipoulizwa, alisema alitema haraka kwa sababu gari lilikuwa linaondoka. Afanye nini?
Arudie kipimo kwa kohozi la asubuhi lililotoka kifuani, aeleze kazi yake ya machimbo, na aombe picha ya kifua.

Bibi wa miaka 72 alianza kukohoa juzi. Leo asubuhi hakutambua mjukuu wake. Siku mbili tu, tusubiri?
Hapana. Apelekwe hospitali sasa hivi.